Dawa Iliyokaa Dirishani

Wadogo zangu wa wodi ya wazazi, siku ya kuniaga mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani, na kazi. "Sista Kabula, tuandikie," mkasema. Saa imeshasimama. Vitenge nimevivaa. Kilichobaki ni hiyo kazi.

Sitaandika nilipanda cheo lini. Barua zote zimo kwenye faili na mwenye hamu akazisome. Nitaandika juu ya damu ya mama baada ya kujifungua, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha ukunga, na juu ya mwaka mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka mwili unanisisimka.

Nilipotoka chuoni nilipelekwa kituo cha afya upande wa Itilima. Kituo chenyewe sikitaji jina. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, tulihesabiwa Shinyanga, na Itilima nzima ilikuwa Bariadi. Lagangabilili, ambako leo mnapanga foleni kwenye ofisi mpya za serikali, palikuwa na maduka machache na mbuzi wengi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu ambao shuleni tulifundishwa kuwaita walanguzi walikuwa sasa wanaitwa wafanyabiashara, na tuliwasalimia kwa heshima. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori na mizani zao. Mitumba ilijaa minadani. Dawa nazo zikafuata mkondo huo. Boksi la bohari ya serikali lilikuja likipenda, na lisipokuja tuliwatuma ndugu wa mgonjwa dukani. Maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa za kichwa na za minyoo. Sindano hayakuruhusiwa, lakini yaliuza, nasi tukawatuma watu kununua. Tulivunja sheria kwa adabu kabisa, na karatasi tukaandika.

Mkuu wa wodi alikuwa Mama Holo, mkunga mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku yangu ya kwanza kulikuwa na mama amejifungua dakika chache zilizopita. Mama Holo akanishika kiganja akakiweka juu ya tumbo la yule mama, chini kidogo ya kitovu.

"Unasikia nini?"

"Tumbo, mama."

"Tumbo hata muuza nyama analisikia. Sikia mji wa mimba. Ukiwa mgumu kama kiazi kibichi, nenda kanywe chai. Ukiwa laini kama ugali usioiva, usiende popote. Hapo ndipo mama anapofia, na wewe uko nje unamwandikia mtoto uzito."

Siku hizo dawa ya kukaza mji wa mimba tuliyoitegemea ilikuwa ergometrini. Ninyi mnatumia oksitosini, lakini shughuli ni ileile: mtoto akishatoka unachoma sindano, mji unajikunja, mishipa inajifunga, damu inakatika. Chuoni walitwambia ergometrini ikae kwenye baridi na giza. Mimi niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata. Pale kituoni friji lilikuwa moja, la mafuta ya taa, la chanjo. Lilifungwa kwa kufuli na ufunguo alikaa nao mhudumu wa chanjo, ambaye siku nyingi alikuwa vijijini na baiskeli. Mara mbili niliuhitaji ufunguo mama anavuja damu, nikakimbia uwanja mzima kuutafuta. Baada ya hapo nikabuni jambo. Nilichukua trei ya chuma, nikapanga vichupa kumi na mabomba ya sindano, nikaiweka dirishani karibu na kitanda cha kujifungulia. Mkono ukinyoosha tu, umefika.

Mama Holo alipoiona alisema, "Huyu binti ana akili."

Dirisha lile lilitazama mashariki. Bati la kituo lilikuwa jipya na chini yake hakukuwa na dari.

*

Limi aliletwa asubuhi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa na mimba ya tatu, mwembamba, mcheshi. Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema kwa anavyojisikia saa ile hanishauri. Mumewe, Maduhu, alibaki nje na ng'ombe wake. Ndani Limi aliingia na mama mkwe wake, Bibi Nkamba, mwanamke mrefu ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Miti kwetu ni haba. Wanawake wamepikia samadi maisha yao yote, na moshi wake unakula macho. Lakini mnajua, na msijifanye hamjui, watu wa kwetu walimwonaje bibi kizee mwenye macho mekundu.

Mama Holo alikuwa amekwenda msibani kwao. Nilikuwa peke yangu na sikuogopa, maana uchungu ulikwenda vizuri. Mtoto wa kiume akatoka akilia. Nikanyoosha mkono dirishani, nikavunja kichupa, nikachoma. Kondo likatoka zima. Nikamfuta mtoto, nikampa bibi yake, nikageukia meza kuandika.

"Nesi," Bibi Nkamba akaniita. "Damu hii si ya kawaida."

"Ni ya uzazi, mama. Itakatika, nimeshamchoma sindano."

Kisha akainua kanga ya mkwewe. "Nesi, hebu njoo utazame. Mimi nimezaa tisa."

Nikakereka. Nilikuwa na cheti kipya na bibi huyu hakujua kusoma. "Mama, toka nje na mtoto, uniache nifanye kazi."

Akatoka. Nilipoinua ile kanga, godoro lilikuwa limelowa mpaka linadondosha chini. Nikaweka kiganja tumboni. Laini. Nikasugua, nikachoma kichupa cha pili, nikasugua, nikachoma cha tatu. Ilikuwa kama nachoma maji. Nilipiga kelele gari litafutwe. Landrova ya kituo ilikuwa Bariadi. Limi aliomba maji, kisha akasema anasikia baridi, na nje jua lilikuwa linachoma. Akauliza mtoto amefanana na nani. Sikuwahi kujibu.

Nilisimama pale mikono imeloa hadi viwikoni. Sikulia. Nilitazama trei, nikatazama godoro, na kichwani hakukuwa na kitu isipokuwa swali moja: nimefanya kila kitu, mbona amekufa?

Maduhu alipoambiwa alisema, "Si amezaa? Nimesikia mtoto analia." Akarudia mara tatu, kama vile mtoto kulia ni ushahidi kwamba mama yake hawezi kufa.

Kwenye daftari niliandika: damu nyingi baada ya kujifungua, dawa imetolewa. Mama Holo aliporudi aliyasoma, akaniuliza maswali, akaridhika. "Zipo nyingine zinatushinda," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, niliyapenda sana maneno hayo.

*

Ilipita miezi kama minne. Akaja Minza, mimba ya kwanza, mchana wa jua kali la Septemba. Trei ilikuwa imebaki na vichupa viwili na boksi la bohari lilikuwa halijafika, kwa hiyo mumewe alitumwa kwa Mzee Salehe, mwenye duka la dawa, akarudi na viwili vingine. Nikaviweka kwenye trei pamoja na vyetu. Mama Holo alikuwepo, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtoto akatoka. Nikachoma. Na kikaanza kile kile. Damu ilikuja kimya, bila kishindo, kama bomba lililosahauliwa. Mama Holo aliweka kiganja, akasema neno la Kisukuma ambalo sitaliandika.

"Vaa glavu. Mwondolee mkojo kwanza, kibofu kikijaa mji haukazi. Haya. Sasa tazama, maana sitaonyesha mara mbili."

Akaingiza ngumi ndani, mkono wa pili akaukandamiza kutoka nje juu ya tumbo, akaubana mji wa mimba katikati ya mikono yake miwili kama mtu anayekamua kitambaa kizito. Minza alipiga kelele. Mama Holo hakuachia. Jasho lilimtoka mpaka likadondoka kwenye shuka. "Nichomee kichupa kingine," akasema huku ameuma meno. Nikanyoosha mkono, nikachukua, nikachoma. Tukangoja. Nilimwona Mama Holo akigeuza kichwa kama anayesikiliza kitu mbali.

"Umekaza," akasema. "Huo. Umekaza."

Hakutoa mikono mpaka alipokuwa na hakika. Alipoitoa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na ikabidi nimnyooshee kimoja kimoja. Minza, mweupe kama karatasi, aliomba apewe mtoto wake. Yuko hai hadi leo, ana duka la vyombo Bariadi mjini na hunipunguzia bei kwa lazima.

Mama Holo aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaviokota vile vichupa viwili vilivyovunjwa, akavinyanyua kwenye mwanga.

"Kabula. Hiki kimoja kina nini?"

Tone lililobaki kwenye kichupa cha kwanza lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. La kichupa cha pili lilikuwa jeupe kama maji ya mvua.

"Dawa hii imekufa," akasema. "Umemchoma mtu maiti ya dawa."

Nilipandwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu. Niliivua aproni, nikakichukua kile kichupa cha rangi ya chai, nikavuka barabara mpaka kwa Mzee Salehe. Alikuwa mtu wa Kondoa, mpole, mwenye kofia iliyofuliwa kila siku. Aliponiona alifunga daftari akasimama. Alijua hana kibali cha sindano.

"Shikamoo, mzee. Umeuza sumu. Mama nusura afe kitandani mwangu."

"Marahaba. Subhanallah! Sumu gani, binti yangu?"

Nikamwekea kichupa juu ya kaunta. Alikichukua kwa vidole viwili, akavaa miwani, akasoma. Akaingia ndani. Nilisikia mlango wa friji, lile friji la mafuta ya taa alilouzia soda za baridi, kitu cha fahari kijiji kizima. Akarudi na boksi dogo lililofungwa kwa gazeti jeusi. Akalifungua mbele yangu. Vichupa vilikuwa vyeupe, vya baridi, vimetoa ukungu.

"Mimi sina cheti, Sista. Ila karatasi iliyomo humu imeandikwa kaa baridi, kaa gizani. Naiogopa karatasi. Na hebu tazama herufi. Zangu ni za buluu. Hiki ulichoniletea kina herufi nyekundu, na muhuri huu ni wa serikali."

Nilitazama. Herufi zilikuwa nyekundu.

Nilishika kaunta. Kile kilichomwokoa Minza kilikuwa cha mlanguzi, kilichokaa na soda. Kile kilichokufa kilikuwa changu, kimekaa dirishani, chini ya bati, wiki baada ya wiki jua likikipiga kila asubuhi. Kisha nikakumbuka vichupa vitatu nilivyomchoma Limi.

"Sista, keti," Mzee Salehe akasema. Akanifungulia soda. Sikuweza kuinywa.

*

Mama Holo alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanipiga. Badala yake alikwenda dirishani, akaichukua trei, akaibeba nje na kuiinamisha juu ya shimo la takataka. Aliporudi alisema, "Mimi nilisema una akili. Kosa hili tuna hisa wote wawili."

Tuliandika taarifa. Bwana mmoja wa ofisini aliisoma, akatuambia marehemu ameshazikwa, faili limeshafungwa, na kuna faida gani kuwachokoza wafiwa. Alisema kwa upole kabisa. Nilitoka pale nikijisikia nimepona. Mama Holo hakupona.

"Ofisini tumeandika," akasema njiani. "Na kwa wenyewe je?"

"Watanifanya nini, mama?"

"Sijui. Twende tukajue."

Tulimkuta Maduhu akisuka kamba ya ngozi. "Mwadila," Mama Holo akamsalimu, na yeye akaitikia, akatuletea viti. Niliongea nikitazama miguu yangu. Nilisema dawa ilikuwa imeharibika, nilisema ni mimi niliyeiweka juani, nilisema mkewe asingekufa au huenda asingekufa, na kwamba sikujua. Nikainua macho. Maduhu hakuwa na hasira. Alikuwa ameachama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo hakurogwa?"

"Hakurogwa."

Kamba ikamponyoka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, mtu mzima yule, akisema, "Mayu wane. Mayu wane." Mama yangu. Mama yangu.

Ndipo tulipoambiwa. Baada ya mazishi watu walikwenda kwa mganga. Mganga alisema aliyemwua Limi ni yule aliyekuwa naye ndani na kumpokea mtoto. Nani alikuwa ndani? Bibi Nkamba, mwenye macho mekundu. Nani alitoka na mtoto kabla mama hajakata roho, kama mtu anayejua kinachokuja? Bibi Nkamba. Wiki ya pili asubuhi walikuta panga limechomekwa mlangoni kwake. Maduhu hakumtetea. Alimwambia mama yake mzazi, "Nenda kabla sijaona watakachokufanyia." Bibi akaondoka kwa miguu na kibuyu cha maji, akaenda kwa kaka yake huko Lingeka, wilaya ya Meatu.

Nilikuwa mimi niliyemtoa nje na mtoto. Kwa amri yangu. Mama Holo alinishika mkono wa juu akanibana hadi pakauma. Nadhani alikuwa anajishikilia asianguke.

Mwenyekiti wa kitongoji aliita watu siku ya pili yake. Nilisimama mbele yao na vile vichupa viwili, wakapokezana mkono kwa mkono. Wengine walielewa. Mzee mmoja akauliza serikali imetulipa nini tumtetee mchawi. Mwanamke mmoja akakitazama kichupa cha rangi ya chai kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu naye alimwagika damu hivi," akaondoka mkutanoni bila kuaga.

Tulikwenda Lingeka kwa lori la wanunuzi wa pamba, mimi, Mama Holo na Maduhu, tumekaa juu ya marobota. Kaya ya kaka yake bibi ilikuwa mbali na barabara. Tukiwa bado shambani tulimwona Bibi Nkamba anaanika mtama. Akainua kichwa. Akaweka kiganja juu ya macho. Nadhani alichokiona ni mwanawe na watu wawili asiowajua.

Akakimbia. Bibi wa umri ule, akaacha ungo, akakimbilia mabua akiwa ameshika kanga kwa mkono mmoja.

"Mayu, ni mimi!" Maduhu akapaza sauti.

Ndiyo kwanza akaongeza mwendo.

Maduhu akakaa chini pale pale kwenye udongo na kujifunika uso. Kaka yake bibi ndiye aliyemfuata mabuani. Walikaa huko muda mrefu. Aliporudi naye, bibi alisimama nyuma ya mgongo wake, na Mama Holo akaniambia, "Sema." Nikapiga magoti nikasema yote. Alinisikiliza bila kupepesa yale macho yaliyowatisha watu. Nilipomaliza nilingoja tusi, au laana, au msamaha.

"Mtoto anakunywa nini?" akauliza.

Maduhu akasema maziwa ya ng'ombe.

"Nani anayachemsha?"

Bibi Nkamba aliingia ndani. Alitoka na kibuyu chake na kifurushi, akanisogelea mimi, si mwanawe. "Nitarudi. Ila kwenye kile kijiji utatangulia wewe, na nguo yako hiyo nyeupe. Mchana, watu wakiwepo. Wakirusha jiwe, lianze kwako."

Tulifika kesho yake mchana. Watu walikuwa wamesimama kando ya njia, mikono kifuani, pande zote mbili. Mama Holo akataka kuwa sambamba nami, bibi akamzuia kwa mkono. Nikatangulia. Nilisikia nyayo zake nyuma yangu, na pumzi zake, na sauti ya maji kwenye kibuyu. Hakuna aliyetusalimu. Tulipofika katikati, yule mwanamke aliyeondoka mkutanoni alitoka kwenye kundi. Nikafumba macho.

"Mwadila, mayu," akasema.

Nyayo zikasimama. Sikugeuka.

"Mwadila," Bibi Nkamba akaitikia. Kisha akanisukuma kidogo mgongoni kwa kidole. "Endelea kutembea, nesi. Mtoto ana njaa."